Zermatt kwa mara ya kwanza: buti, tiketi, lifti na saa ya kurudi

Anayekwenda kuteleza kwenye theluji kwa mara ya kwanza huogopa baridi. Baridi ina dawa yake, nayo ni nguo. Safari nyingi huharibiwa na mambo mawili mengine: buti zisizokaa mguuni, na lifti ya mwisho (lifti za huku ni mitambo ya waya inayopandisha na kushusha watu mlimani) iliyoondoka wakati mtu bado yuko upande wa pili wa mlima. Mwongozo huu ni wa Zermatt, jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, chini ya mlima Matterhorn wenye mita 4,478. Kijiji kiko kwenye mita 1,600 hivi, lifti ya juu kabisa hufika mita 3,883, na ukijumlisha pisti za upande wa Italia unapata takriban kilomita 360. Pisti ni njia za theluji zilizowekewa alama, ambazo mitambo huzisawazisha usiku ili asubuhi watu wateleze.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba Zermatt si rahisi kwa bei, wala si mahali pepesi kuliko pote pa kujifunzia, maana pisti zake nyingi ni nyekundu, yaani za ugumu wa wastani. Lakini ina jambo linalowafaa wanaosafiri kama familia: asiyetaka kuteleza naye hufika juu. Treni ya Gornergrat, inayofanya kazi tangu 1898, hupanda kwa gurudumu la meno linaloshika reli ya meno, hadi mita 3,089 kwa muda wa nusu saa na ushei. Bibi aliyefuatana na wajukuu anaweza kukaa huko juu anywe chai akiwa anaitazama Matterhorn, wakati watoto wako kwenye darasa la kuteleza.

Kabla ya kukata tiketi ya ndege

Uswisi iko ndani ya eneo la Schengen. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya eneo hilo haombi viza. Anayetoka Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Muscat bila uraia unaosamehewa ataomba, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usingoje siku hizo 15.

Viza hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hapo ndipo wengi hukosea. Bima hiyo ya viza mara nyingi haigusi michezo ya majira ya baridi. Soma masharti yake na utafute mambo matatu: je, inataja kuteleza kwa skii (mbao mbili ndefu, moja kila mguu) na snoubodi (ubao mmoja wa miguu yote miwili)? Je, inalipia uokoaji mlimani, helikopta ikiwemo? Je, inakataa ajali iliyotokea nje ya pisti? Milima ya huku mtu akivunjika mguu mahali pabaya hubebwa na helikopta, na ankara huja kwa jina lake. Bima ya nyongeza ya wiki moja ni ndogo sana ukiilinganisha na ankara hiyo.

Kuhusu tarehe, wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya na wiki za Februari ambapo shule za Ulaya zimefungwa huwa na watu wengi na bei za juu. Januari baada ya wiki ya kwanza kuna nafasi, lakini baridi ni kali na siku ni fupi. Machi ndiyo tunayoipendekeza kwa anayeanza: jua limerudi, siku imerefuka, na huku juu theluji bado ni nyingi.

Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich ni treni ya saa tatu na nusu hivi, na kutoka Geneva ni karibu saa nne. Zote mbili unabadilisha Visp, unapanda treni ndogo nyekundu ya bondeni. Magari ya mafuta hayaingii Zermatt. Mwenye gari huliacha Täsch, kisha hupanda treni ya dakika 12. Ndani ya kijiji kuna teksi na mabasi madogo ya umeme, na hayatoi sauti, kwa hiyo washike watoto mkono barabarani. Chukua pia adapta ya umeme. Soketi za Uswisi zina matundu matatu madogo ya mviringo, na plagi ya Kenya au Tanzania yenye miguu mitatu ya bapa haiingii.

Nguo

Kanuni ni tabaka tatu. La ndani ni la sufu nyembamba au kitambaa cha michezo kinachotoa jasho, la kati ni flisi, kitambaa laini chenye manyoya, la nje ni koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Pamba iache hotelini. Fulana ya pamba hulowa jasho unapojifunza, na ukikaa dakika kumi kwenye kiti cha lifti chenye upepo, jasho lile huwa maji ya friji mgongoni. Suruali za jinzi hulowa kwenye anguko la kwanza na hazikauki tena siku hiyo.

Shali ndefu, mtandio unaoning'inia na kanga shingoni ni hatari, kwa sababu hunaswa kwenye lifti. Tumia soksi ya shingo, yaani kitambaa cha mviringo kinachobana shingoni. Anayevaa hijabu huvaa kofia nyembamba ya kubana inayofunika shingo, kisha helmeti juu yake. Inakaa vizuri na inaleta joto. Mwenye rasta au misuko minene azifunge chini kabisa, kisogoni, kwa sababu fundo likiwa utosini helmeti hupanda juu na paji la uso hubaki wazi. Helmeti hukodishwa pamoja na skii. Usiikatae.

Jua lichukulie kwa uzito hata kama ngozi yako ni nyeusi tii. Miale mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga juu, hadi chini ya kidevu na puani. Paka mafuta ya kinga ya SPF 50 asubuhi na tena saa sita, na midomo usiisahau. Miwani ya theluji ni lazima. Macho yaliyokaa siku nzima bila kinga huanza kuwasha usiku kana kwamba yamejaa mchanga. Lenzi ya daraja la S3 ni ya jua. Siku ya ukungu unahitaji S1, vinginevyo hutaona mashimo na vilima mbele yako.

Buti: hapa usiwe na haraka

Fika dukani jioni ya siku uliyowasili, kabla ya foleni ya asubuhi. Ukodishe skii, fimbo, helmeti na buti pale pale. Kwa siku za mwanzo hakuna haja ya kununua chochote kati ya hivyo.

Buti za skii hupimwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita, mfano 26.5. Vaa soksi moja tu, ndefu hadi chini ya goti, nyembamba. Soksi mbili hazileti joto. Hujikunja, huminya mishipa ya damu na vidole hupata ganzi. Chopeka mguu, kisha gonga kisigino sakafuni mara mbili ili kirudi nyuma kabisa. Funga kwanza bakoli, yaani bizimu za kubana buti, mbili za juu kwa nguvu ya kiasi, halafu zile za chini, juu ya kidole na unyayo, kwa ulegevu. Sasa simama wima: vidole viguse mbele kidogo. Kunja magoti kama unayetaka kukaa, ulimi wa buti ubonyezwe na ugoko: vidole virudi nyuma, viache kugusa. Hiyo ndiyo saizi yako. Ukisimama wima na vidole havigusi kitu, buti ni kubwa, hata kama unajisikia vizuri.

Na hapo ndipo wateja wengi hudanganyika. Buti kubwa ni raha dukani kwa dakika tano. Mlimani mguu huogelea ndani, kisigino hupanda, mtu hukaza bakoli kwa hasira, damu haipiti, na kufikia saa tano amekaa mgahawani akilia kwa maumivu. Kaa nazo dakika kumi dukani, ukitembea. Hakikisha ndani ya buti hakuna kitu kingine zaidi ya soksi: mguu wa suruali ya ndani uishie juu ya buti, usiingie. Mkunjo mmoja tu wa kitambaa kwenye ugoko unatosha kukutia kidonda.

Kisha fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu wako. Sema ukweli, hasa uzito na uzoefu. Kwa majibu hayo anaweka nguvu ya kifungo kinachoshika buti kwenye skii. Kifungo kimetengenezwa ili kiachie unapoanguka vibaya. Ukijifanya bingwa, ataweka namba ya juu, nawe utaanguka taratibu skii ikiwa imekatalia mguuni, na goti ndilo litakalosokotwa. Kwenye kifungo kuna kidirisha kidogo chenye mshale na namba, mbele na nyuma. Zitazame: skii ya kulia na ya kushoto ziwe na namba sawa.

Urefu wa skii kwa anayeanza ni kati ya kidevu na pua. Akikuletea zinazokupita kichwa, omba fupi zaidi.

Usiku zilaze buti kwenye chumba chenye joto, bakoli zikiwa zimefungwa kidogo. Zikilala kwenye baridi, plastiki hukakamaa na asubuhi utapigana nazo.

Wanaochagua snoubodi wana buti laini na hawana shida hii yote. Wao waamue mguu wa mbele: simama miguu pamoja, mtu akusukume kidogo kutoka nyuma bila kukuambia, na mguu uliotangulia kujikinga mara nyingi ndio wa mbele. Wakodishe na kinga za viganja, kwani snoubodi huvunja vifundo vya mikono jinsi skii inavyoumiza magoti. Siku mbili za kwanza wataanguka zaidi kuliko wenye skii, wakiangukia makalio na magoti, kisha siku ya tatu mambo hufunguka. Wajiepushe na njia ndefu za tambarare, kwa maana ubao ukisimama hapo ni kuuvua na kutembea.

Tiketi na rangi

Tiketi ya lifti ni kadi yenye chipu. Iweke mfuko wa kushoto wa koti, peke yake, mbali na simu na kadi za benki, na lango litaisoma bila kuitoa. Bei za siku nzima huzidi faranga 80 na hubadilika kufuatana na tarehe, kwa hiyo kununua mapema mtandaoni husaidia. Anayeanza asinunue tiketi ya mlima mzima siku ya kwanza. Ulizia ya wanaoanza, inayokufikisha eneo la mafunzo tu. Wala usinunue ya kimataifa, ya kuvukia Italia, mpaka uweze kushuka pisti nyekundu bila woga.

Rangi za Uswisi ni buluu, rahisi. Nyekundu, ya wastani. Na nyeusi, kali. Ile ya kijani ya Ufaransa hapa haipo. Zermatt kuna pia njia za manjano: zina alama na hulindwa dhidi ya maporomoko ya theluji, lakini hazisawazishwi. Ya manjano si "rahisi kidogo". Wageni hudhani hivyo kwa kuwa rangi yenyewe ni ya upole, kisha wanajikuta kwenye theluji ya magotini.

Kujifunzia nenda Sunnegga, mita 2,288. Treni ya kamba hupita ndani ya mlima na kukufikisha kwa dakika chache, kisha kuna eneo la Leisee lenye mikeka inayosogea na mteremko wa kitoto. Baada ya siku mbili tatu, pisti za buluu za Riffelberg, njiani kwenda Gornergrat, ni pana na zina jua.

Lipia mwalimu kwa siku mbili za kwanza. Rafiki anayejua kuteleza si mwalimu. Atakupeleka mahali anapopapenda yeye, akuambie "nifuate tu", na utashuka kwa makalio.

Asubuhi ya kwanza kwenye theluji

Kabla ya kukanyaga skii, gongagonga soli ya buti kwa fimbo mpaka ionekane plastiki tupu. Theluji iliyoganda chini ya soli hufanya kifungo kisikae sawasawa. Ama hakitasema "kwa!", ama kitasema halafu kiachie katikati ya mteremko. Weka skii kukatiza mteremko, wala zisielekee chini. Vaa kwanza ile ya upande wa bondeni, kidole mbele, kisha kanyaga kisigino kwa uzito wote. Halafu ya upande wa juu.

Breki ya mwanzo ni ncha za mbele zikaribiane, mikia ipanuke, magoti yaelekee ndani kidogo na ugoko ulalie ulimi wa buti. Kosa la kila mtu ni kuegemea nyuma kwa woga. Ukirudi nyuma, ncha huwa nyepesi, hazikusikii tena, na skii hukimbia zaidi. Uoga unataka urudi nyuma, nawe kwa makusudi sogea mbele. Ukiona unaanguka, lala ubavuni upande wa mlimani. Kuinuka, zungusha skii zikatize mteremko chini yako, kisha jisukume kwa mkono.

Kwenye lifti ya viti toa kamba za fimbo mikononi, zishike zote kwa mkono mmoja, sogea mpaka mstari uliochorwa, tazama nyuma begani, kaa kiti kikikugusa, shusha chuma cha usalama. Karibu na kituo cha juu kuna ubao wa kukuambia ukiinue. Nyanyua ncha za skii, simama skii zikigusa, teleza moja kwa moja na uondoke njia. Mwenye snoubodi hufungua mguu wa nyuma kabla ya kupanda. Ukianguka pale juu, jivute pembeni haraka, na mhudumu atasimamisha lifti. Ile lifti ya kuvutwa, yenye kipau kinachokaa nyuma ya mapaja, usiikalie. Simama tu ikuburute.

Hewa nyembamba

Matterhorn Glacier Paradise, mita 3,883, iko juu zaidi ya kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro, yenye mita 3,720. Horombo hufikiwa kwa siku mbili za kutembea. Hapa magari ya waya hukufikisha chini ya saa moja, nawe jana tu ulikuwa Mombasa usawa wa bahari. Kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kuwa mizito si ajabu. Basi siku mbili za kwanza kaa chini ya mita 3,000, kunywa maji mengi, na ukienda huko juu usikae sana. Dawa kuu ya kuumwa na mwinuko ni kushuka, na kwa bahati lifti iko mlangoni.

Saa ya kurudi

Asubuhi lifti nyingi hufunguka kama saa mbili na nusu. Katikati ya majira ya baridi za mwisho hufungwa kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na nusu jioni, kila moja kwa saa yake, iliyobandikwa kituoni. Piga picha ya ubao huo.

Anayevuka kwenda Breuil-Cervinia, Italia, ahesabu kurudi nyuma: lifti ya mwisho ya kumpandisha tena mpakani ni saa ngapi, zipo ngapi mfululizo, na foleni ni dakika ngapi. Awe amegeuza saa nane. Upepo ukivuma kwenye Theodul, kipito cha mlima kilicho mpakani, lifti hufungwa bila kujali tiketi yako, na kurudi Zermatt kwa barabara ni saa kadhaa za teksi kuzunguka milima. Nenda na pasipoti, kadi ya benki na chaji ya simu. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Baridi huzima betri iliyokuwa asilimia 40.

Alasiri miguu imechoka, theluji imelainika na kurundikana vilima vidogo, na umati wote unashuka kijijini kwa njia zilezile nyembamba. Ndiyo saa ya magoti kuumia. Teremka kwa lifti. Tiketi yako imeshalipia, na wanaojua mlima hufanya hivyo kila siku.

Ajali ikitokea, chomeka skii mbili kwa umbo la msalaba upande wa juu wa aliyeumia, ili wanaoshuka wamwone. Soma namba iliyo kwenye nguzo ya pisti iliyo karibu, kisha piga 144. Namba 112 pia hufanya kazi.

Nje ya pisti usitoke. Juu ya Zermatt ni barafuto, mito ya barafu isiyoyeyuka, na chini ya theluji laini kuna nyufa zinazommeza mtu mzima. Hatari ya maporomoko hutangazwa kwa daraja 1 hadi 5. Wengi hupuuza daraja 3 kwa kuwa liko katikati, ilhali ndilo lenye kuua sana. Anayetoka huenda na mwongozo wa milima, akiwa na kifaa cha redio cha kutafutana, koleo na fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta aliyefukiwa, na awe anajua kuvitumia: aliyefukiwa nafasi yake huporomoka baada ya dakika kumi hivi.

Chakula na sala

Fondu, jibini la kuyeyushwa, hupikwa kwa divai nyeupe na mara nyingi huongezwa kirsch, pombe ya cheri. Asiyetumia aulize. Rösti ya viazi mara nyingi huja na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, lakini ukiomba yai na jibini tu wanakupa. Raclette, jibini na viazi vya kuchemsha, haina tatizo hilo. Migahawa ya mlimani ni ghali, maji ya chupa yakiwemo, ilhali ya bomba ni safi kabisa. Nyumba yenye jiko huokoa fedha nyingi: kijijini kuna Coop na Migros, mchele na maharage vipo, na chapati za jana zikikunjwa mfukoni ni chakula cha mchana kizuri kwenye kiti cha lifti.

Majira ya baridi Adhuhuri na Alasiri zote huingia ukiwa mlimani, Alasiri ikikaribia saa tisa, yaani wakati uleule wa kurudi. Buti za skii hazikunjiki, kwa hiyo tenga dakika ishirini za kuvua na kuvaa tena, kwenye kona ya kituo au mgahawa.

Usingoje asubuhi ya siku ya kuondoka ndipo urudishe vifaa. Warudishie jioni iliyotangulia, ukague kibandiko chenye namba yako kwenye kila skii. Skii nyeusi za kukodi hufanana, na mbele ya mgahawa watu hubebeana bila kujua. Njia ya kukwepa hilo tangu siku ya kwanza ni kuzitenganisha kila unapozivua: moja weka huku, nyingine hatua kumi kule.